Somo: Ganda la fukusi lilitoka wapi?



Kuna swali moja lenye kurudi kila wakati tunapofungua depo. Mahindi tuliyaanika vizuri, yamekauka hata ukiuma punje meno yanalia. Ndani ya mufuko hamuna tone la maji. Mutu akifungiwa mule na chakula chote kile, siku chache tu atakufa kwa kiu. Lakini fukusi anakaa mule miezi na miezi, anazaa, na watoto wake wanazaa. Maji anayatoa wapi?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mwili wake unatengeneza maji kidogo kutoka katika chakula anachokula. Hiyo tutairudilia mbele. Pili, yale maji kidogo hayapotezi, kwa sababu amefunikwa vizuri. Leo tunasoma juu ya hicho kifuniko. Kina umri mukubwa kuliko volkano zote za Virunga, na mwanzo wake umebaki ndani ya mawe, katika jamaa moja ya wadudu ambayo haiko tena duniani.

Kwanza tuelewane: ni wadudu gani?

Kiswahili cha vitabu kinawaita mbawakavu. Ni wadudu wote wenye maganda mawili magumu juu ya mugongo, yenye kukutana katikati kama mulango wa mbao mbili. Fukusi wa mahindi ni mumoja wao. Mududu wa maharagi vilevile. Yule mwenye pembe anayegonga taa usiku, yule mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari kwenye majani, yule mudogo sana anayetoboa tunda la kahawa, fukusi mweusi wa shina la ndizi: wote ni mbawakavu. Mende wa jikoni hayumo, hata kama kwa haraka anafanana nao. Mabawa yake ya juu ni laini kama ngozi, na moja linalala juu ya lingine. Tofauti hiyo muishike, itatusaidia.

Wachunguzi wameisha kuandika majina ya aina karibu 400,000 za mbawakavu. Ukichukua aina zote za wanyama zinazojulikana, wadudu, samaki, ndege na nyama wa pori pamoja, karibu moja kati ya kila nne ni mbawakavu. Basi mutu akikuambia ana dawa ya kuwamaliza kabisa, umuache na dawa yake.

Fanyeni hivi kwenye mukutano. Mutafute mbawakavu mukubwa aliyekufa, wale wa kuanguka chini ya taa asubuhi wanatosha. Kwa muiba au sindano munyanyue ganda moja polepole. Chini yake mutaona bawa jembamba, lenye kukunjwa kama kikwembe ndani ya sanduku. Lile ndilo la kurukia. Na lile ganda gumu la juu nalo ni bawa. Zamani za mababu yake lilikuwa bawa la kuruka kama lingine, halafu polepole likawa gumu, likaacha kazi ya kuruka na kushika kazi ya kufunika. Mutu ataweza kusema: hayo munajuaje? Njo hapa tunaenda mbali kidogo.

Kijiji cha Chekarda

Katika nchi ya Urusi, upande wa milima ya Ural, kuna muto unaoitwa Sylva. Kandokando yake, karibu na kijiji cha Chekarda, kuna mawe yenye kupasuka vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Kati ya hizo kurasa watu wamekuta maelfu ya wadudu. Mududu alianguka majini, akazama katika matope laini, matope mengine yakamufunika. Miaka ikapita mingi, matope yakageuka jiwe, na mududu akabaki mule amelala bapa sawa chapa ya muhuri kwenye karatasi. Mabawa yanaonekana hata mishipa yake.

Katika mwaka wa 1944 mutaalamu wa wadudu wa kule, Boris Rohdendorf, aliandika juu ya mumoja wa wadudu hao. Alifanana na mbawakavu, lakini si kabisa. Akamuita Tshekardocoleus: jina la kijiji, likaunganishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya ala, ile nguo ya kisu. Jamaa yote ikaitwa Tshekardocoleidae. Hilo jina linavunja ulimi, hapa tutasema tu jamaa ya Chekarda.

Mawe yale yana miaka kama milioni 280. Kipindi chao kinaitwa Permi, na jina lilitoka mule mule, katika muji wa Perm, ambako Mwingereza Roderick Murchison alipita akichunguza mawe. Yeye ndiye aliyetoa jina hilo katika mwaka wa 1841.

Najua mahali mutakapokatiza musomaji: nani alikuwako kusudi ahesabu hiyo miaka? Swali ni zuri. Hakuna mutu aliyekuwako. Lakini katika mafasi mengi duniani, kati ya matabaka ya mawe kuna majivu ya volkano, kama yale wenzetu wa upande wa Goma wanayoyafahamu. Ndani ya majivu hayo muna chembe ndogo za madini zenye uranium. Uranium inageuka kuwa madini ya risasi polepole sana, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima ni kiasi gani kimeisha kugeuka na kiasi gani kimebaki, unajua volkano ilitema lini. Kisha mawe ya mahali pamoja yanalinganishwa na ya mahali pengine. Ni kama kuhesabu siku kwa kuangalia mushumaa umepungua kiasi gani, kama unajua unawaka namna gani kwa saa.

Na sisi, wakati huo huku kwetu kulikuwa nini? Kulikuwa kunatoka baridi kubwa. Mawe ya Lukuga, upande wa Kalemie, yanaonyesha mawe yaliyosukumwa na barafu, barafu ya kweli iliyofunika inchi. Juu ya mawe hayo kuna makala ya mawe, na makala hayo ni miti na majani ya kipindi kile kile cha Permi, yaliyozama na kufinywa. Jamaa ya Chekarda haikuonekana mule. Lakini mutu wa Kalemie akishika kipande cha makala hayo, ameshika mumea ulioishi katika kipindi kimoja na wale wadudu. Bara zote wakati ule zilikuwa zimeungana, bahari ya kati ya Afrika na Amerika haikuwako.

Ganda lisilofunga

Sasa tumuangalie mududu mwenyewe. Jamaa ya Chekarda ilikuwa na maganda mawili juu ya mugongo, kweli. Lakini ganda lao linaonyesha wazi kwamba lilikuwa bawa. Mishipa ya bawa bado inaonekana, na kati ya mishipa kuna vyumba vidogovidogo, safu kwa safu, kama wavu wa samaki au sega la nyuki. Fukusi wetu hana wavu wa namna hiyo. Ukimuangalia vizuri, hasa ukiwa na kioo cha kukuza, utaona tu mistari yenye vitobo.

Jambo la pili ndilo linalotuhusu. Maganda ya jamaa ya Chekarda yalikuwa marefu kupita tumbo. Ncha zake zilitokea nyuma, mwili umeisha lakini ganda linaendelea. Tena hayakufunga. Yalilala juu ya mwili kama kipande cha bati ulichoweka juu ya nyumba bila musumari: mvua inakingwa, lakini upepo unapita chini yake. Hayakubana mbavuni. Mwili wenyewe ulikuwa bapa.

Ndiyo maana watu walibishana kwa miaka. Je, huyu ni mbawakavu, ao ni mududu mwingine aliyefanana naye tu? Katika mwaka wa 1969, mama Jarmila Kukalová aliandika juu ya mabaki mengine ya jamaa hiyo, yaliyotoka Obora, katika eneo la Moravia, nchi ambayo leo ni Cheki. Kichwa cha maandiko yake chenyewe kiliwaita wadudu "wanaodhaniwa" kuwa mbawakavu. Leo wachunguzi wanawaweka kwenye mwanzo kabisa wa ukoo wa mbawakavu. Katika mwaka wa 2014 akatangazwa mwingine kutoka Ujerumani, mwenye miaka karibu milioni 295, anayeitwa Coleopsis. Mara ya kwanza aliwekwa katika jamaa ya Chekarda, kisha akapewa jamaa yake mwenyewe. Hayo ni mambo ya wataalamu, wanahamisha wadudu kutoka nyumba moja kwenda nyingine kila mara. Sisi tushike tu kwamba wote wawili wana ganda la namna moja, lenye wavu na lisilobana.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia juu ya mabaki ya mbawakavu kwa jumla. Mara nyingi linakutwa ganda peke yake, bila mwili. Mwili unaoza, ganda linabaki. Munalijua jambo hili bila kwenda Urusi: fagieni pembe za depo, katika vumbi mutakuta maganda matupu ya fukusi waliokufa tangu mavuno ya mwaka jana.

Kusudi gani mutu aharibu bawa zuri la kuruka?

Wadudu wengine wa wakati ule walikuwa na mabawa manne mazuri ya kuruka. Kwa nini hawa wakayafanya mawili kuwa maganda? Wachunguzi wanafikiri jibu liko chini ya gamba la muti uliokufa. Misitu ya wakati ule iliacha miti mingi ya kuanguka. Chini ya gamba muna chakula, muna ukungu wa kula, na adui hawaingii kwa urahisi. Lakini ni mahali pa kubana. Mududu mwenye mabawa laini akijisukuma mule, mabawa yanapasuka. Mwenye mwili bapa na mabawa magumu ya juu anapita, na yale mabawa membamba ya chini yanabaki mazima mupaka siku ya kuruka kwenda muti mwingine.

Na miti yenyewe imeshuhudia. Katika mwaka wa 2017 ilitangazwa habari ya muti uliogeuka jiwe kule China, wa mwisho wa kipindi cha Permi, wenye njia zilizochimbwa na wadudu ndani ya mbao. Mutu aliyepasua kuni za zamani akakuta vumbi na vijia vya mviringo ataitambua picha hiyo mara moja.

Kwa hiyo ganda la kwanza lilikuwa ni juu ya kuzuia kukwaruzwa. Kufunga kabisa kulikuja nyuma. Katika mawe ya baadaye ya kipindi hicho hicho tunaona jamaa zingine za mbawakavu: wavu unapungua, ganda linakuwa fupi na kulingana na tumbo, kisha linaanza kubana. Mwishowe makali mawili ya katikati yanaingiana, moja lina mufereji, lingine lina ulimi wa kuingia mule, kama mbao za fundi seremala. Na mbavuni nako ganda linashika mwili.

Kipindi cha Permi kiliisha vibaya, karibu miaka milioni 252 iliyopita. Volkano kubwa sana za upande wa Siberia zilitema kwa muda mrefu, hewa na bahari vikaharibika, na sehemu kubwa ya viumbe ikakufa. Misitu iliharibika, na wadudu wa kula mbao wakapata shida pamoja nayo. Ukoo wa mbawakavu ulipita. Jamaa ya Chekarda haiko. Hakuna hata mumoja wao aliye hai leo. Wanaobaki karibu nao kidogo ni mbawakavu wachache wa mbao za kuoza, ambao maganda yao yana vyumba vya kukumbusha ule wavu. Wengine wote, pamoja na fukusi wetu, wana ganda lenye kufunga.

Kufunga kunaleta faida gani?

Mududu hana pua. Anapumua kwa vitundu vidogo mbavuni mwake, na vitundu vya tumbo viko juu, karibu na mugongo. Kila mara akipumua, majimaji ya mwili yanatoka pamoja na hewa, kama pumzi yetu inavyotia ukungu kwenye kioo. Mududu asiye na kifuniko anapoteza maji hayo moja kwa moja. Lakini kwa mbawakavu, vitundu hivyo vinafungukia ndani ya kile chumba kidogo kati ya ganda na mugongo. Hewa ya mule inabaki na unyevunyevu, haitoki haraka. Mwenye ganda lililolala wazi, kama wa Chekarda, hakuweza kupata faida hiyo kamili. Mwenye ganda linalobana anaweza kuishi mahali pa ukavu mukubwa: jangwani kwenye muchanga, na ndani ya mufuko wa mahindi makavu.

Tena juu ya ngozi yake yote kuna mafuta membamba kama nta. Nta inazuia maji kutoka.

Muangalie sasa mududu wa maharagi. Ganda lake ni fupi, ncha ya tumbo inabaki nje kama shati fupi kwa mutu mwenye kitambi. Yeye huanzia shambani, maganda ya maharagi yakikauka kwenye muti wake, na ndani ya depo anaacha mayai yakizagaa kati ya punje. Fukusi wa mahindi ni mwingine: mama anatoboa punje, anatia yai ndani, anaziba tundu kwa ute. Mutoto anakulia ndani ya punje, na kwa joto la kutosha baada ya wiki kama tano anatoka mukubwa. Njo maana kuanika juani kunafukuza wakubwa, wanakimbia munaona kwa macho, lakini watoto walio ndani ya punje wengi wanabaki. Baada ya mwezi munasema: hawa wametoka wapi tena?

Kumunyima maji

Mududu ambaye nguvu yake yote ni kutunza maji, mahali pa kumupiga ni kwenye maji yake. Njia mbili za kwetu zinafanya hivyo, na ni vizuri kujua kila moja inafanyaje kazi, kusudi zisifanywe nusunusu.

Ya kwanza ni majivu. Mababu waliyatumia, na vijana wengine wanacheka. Majivu ya kuni, yaliyopoa kabisa na kuchekechwa, yanajaza nafasi kati ya punje. Mududu akipita mule vumbi linakwaruza na kunyonya ile nta ya ngozi, na maji yanaanza kumutoka. Tena anashindwa kutembea kutafuta mwenzake. Lakini majivu ya kunyunyiza juu ya mufuko kama chumvi kwenye mboga hayafanyi kitu. Yanatakiwa mengi, yachanganywe mupaka kila punje iwe nyeupe, na safu nyingine iwekwe juu. Kwa maharagi ya chakula cha nyumbani na mbegu ni njia nzuri. Kwa tani za kuuza ni kazi ngumu, na mununuzi atalalamika.

Ya pili ni kufunga hewa. Ile mifuko ya PICS, ambayo kazi yake ilianza na kunde kule Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ina plastiki mbili ndani na mufuko wa kusukwa nje. Wengi wanafikiri mududu anakufa kwa kukosa pumzi mara moja, kama mutu anayezama. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha katika mwaka wa 2012, kwa mududu wa kunde, kwamba mambo ni tofauti. Tulisema mwanzoni kwamba mwili wa mududu unatengeneza maji kutoka katika chakula. Kazi hiyo inahitaji oksijeni ya hewa. Ndani ya mufuko uliofungwa, wadudu wenyewe wanapumua oksijeni mupaka inakuwa kidogo sana. Hapo wanaacha kula, maji mapya hayatengenezwi tena, na yale ya zamani, hata kwa kutunzwa namna gani, yanaisha. Wanakufa kwa kiu.

Sasa mutaelewa kwa nini agronomu anagombana na mwenye kufungua mufuko kila siku tatu "kuangalia tu". Kila mara ukifungua, umewapa oksijeni, na oksijeni kwao ni kisima. Ukiufunga, uuache miezi miwili kwa uchache kabla ya kuugusa. Kama munahitaji mahindi ya kula kila wiki, mutenge mufuko mwingine wa kawaida, ile ya kungojea bei nzuri isiguswe. Bidoni yenye kifuniko cha kukaza inafanya kazi ile ile kwa maharagi ya nyumba moja, lakini ijazwe mupaka juu, kwa sababu nafasi tupu ni hewa.

Dawa ya kupulizia shambani musiitie kwenye chakula cha depo. Kuna wanaofanya hivyo kwa siri, na wanaokula ni watoto.

Na mufuko wa kufunga hewa haukaushi mahindi. Ukitia mahindi mabichi, unafungia ukungu ndani, na ukungu mwingine una sumu isiyoondoka kwa kupika. Kipimo ni rahisi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mutie konzi ya mahindi, na robo yake chumvi iliyokaushwa juani. Mufunge, mutikise vizuri, mungoje dakika kumi na tano. Kama chumvi imeshikamana kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Kama chumvi inamwagika huru, mujaze mufuko, mutoe hewa kwa kufinya juu ya punje, mufunge plastiki ya ndani peke yake, kisha ya pili, kisha mufuko wa nje, kila moja kwa kamba yake. Muweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali panya hawapandi. Mufuko wenye tundu, hata la sindano, utiwe mahindi ya kuuza wiki hii.